Sayari za mawe au sayari za gesi: ukiwa Goma, uanze na zipi?

Chukua jiwe moja la Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo. Huna haja ya kulitafuta: liko kwenye ukuta wa uani, liko barabarani, liko chini ya msingi wa nyumba. Ni jeusi na linakwaruza kiganja. Lisogeze karibu na jicho, utaona limejaa matundu, mengine kama tundu la sindano, mengine ncha ya kidole inaingia. Kila tundu lilikuwa povu la gesi. Uji wa moto ulipotoka Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji, ulikuwa umebeba gesi ndani yake. Ulipoanza kuganda, gesi ikatoka na kuacha nafasi yake wazi. Ninaanza na jiwe hili kwa sababu mawe na gesi vimekutana humo, na kwa sababu limenisaidia kuliko michoro ya vitabuni kujibu swali ninaloulizwa kila mwaka wa masomo: Mwalimu, nichague zipi, sayari za mawe au sayari za gesi?

Wanaouliza ni watu wa aina mbili. Kuna mwanafunzi anayetafuta mada ya kueleza mbele ya darasa, dakika 15 ubaoni na chaki mkononi. Na kuna jirani aliyesikia kwamba nina darubini ndogo, lenzi yake milimita 70, anataka kujua aje usiku gani na ataona nini. Maneno yao ni yale yale, lakini hawahitaji jibu moja. Ninavyoona mimi, anayetaka kuelewa aanze na sayari za mawe, na anayetaka kuona kwa macho yake mwenyewe aanze na za gesi. Nitaeleza kwa nini, na msomaji apime.

Kwanza tuelewane majina. Sayari za mawe ni nne, zote ziko upande wa Jua: Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi. Za gesi nazo ni nne, zote ziko mbali: Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptune. Wengi wetu hapa tumezisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo atakayechanganyikiwa akumbuke kwamba Utaridi ni Mercure, Zuhura ni Vénus, Mirihi ni Mars, Mshtarii ni Jupiter na Zohali ni Saturne.

Bidoni ya lita 20

Tofauti ya kwanza haihitaji darubini. Inahitaji bidoni ya njano ya lita 20, ile inayopanda kutoka ziwani kila asubuhi, mgongoni, kichwani au juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Ikijaa maji ina kilo 20, na aliyewahi kuibeba hadi nyumbani anazijua kilo hizo shingoni mwake. Sasa tuseme ungeweza kuisaga sayari nzima, ganda na kiini, ukaichanganya vizuri kisha ukajaza bidoni hiyo. Bidoni ya Dunia ingekuwa na kilo 110. Ya Utaridi 109, ya Zuhura 105, ya Mirihi 79. Hakuna kijana wa kuinyanyua peke yake. Ya Mshtarii je? Kilo 27 hivi. Ya Uranus 25, ya Neptune 33. Ya Zohali haifiki kilo 14, maana yake Zohali, lita kwa lita, ni nyepesi kuliko maji.

Hapo wanafunzi wengi huteleza. Wakisikia bidoni ya Mshtarii ni nyepesi, wanaandika kwamba Mshtarii ni sayari nyepesi. Nendeni mkaangalie makala, yaani mkaa, sokoni. Kipande kimoja ni chepesi mkononi kuliko jiwe la ukubwa ule ule, lakini gunia la makala humwinamisha mtu mzima. Mshtarii ni gunia. Ndani yake zingeingia Dunia zaidi ya 1,300, na ukiipima yote kwa pamoja ina uzito wa Dunia 318. Zohali ina uzito wa Dunia 95. Hata Uranus na Neptune, ambazo ni wadogo wa ukoo huo, zina uzito wa Dunia 14 na nusu na Dunia 17. Kwa upande wa mawe, Dunia yetu ndiyo kubwa kuliko zote nne. Mirihi ina sehemu moja tu ya kumi ya uzito wetu.

Bidoni za sayari za mawe zina uzito huo kwa sababu zimejaa mawe na, chini kabisa, chuma. Za gesi zimejaa hidrojeni na heli, gesi mbili nyepesi kuliko zote.

Hewa iliyotoka tumboni, hewa iliyovutwa kutoka nje

Kitabu cha shule husema zile ni za mawe na hizi ni za gesi, kisha kinafungua ukurasa mwingine. Kwa nini ziwe hivyo hakisemi, na kwangu hapo ndipo penye utamu wote.

Miaka bilioni 4.6 iliyopita Jua lilikuwa changa, limezungukwa na wingu pana lililolala kama chapati. Karibu asilimia 98 ya wingu hilo ilikuwa hidrojeni na heli. Mawe, chuma, maji na vingine vyote viligawana kile kidogo kilichobaki. Karibu na Jua palikuwa na joto kali, maji yakabaki mvuke. Vilivyoweza kuwa vigumu pale ni mawe na chuma peke yake, navyo vilikuwa haba, kwa hiyo sayari zilizojengwa pale zikatoka ndogo. Lakini ukiipita Mirihi na kusogea kuelekea Mshtarii, baridi iliruhusu maji kuganda kuwa barafu. Sayari za huko zikajengwa kwa mawe, kwa chuma na kwa barafu, na barafu haikuwa haba. Kiini kikakua hadi kufikia uzito wa Dunia 10 hivi. Kilipofika hapo mvuto wake ukaanza kukokota hidrojeni na heli kutoka kwenye wingu lenyewe, na kadiri kilivyokokota ndivyo kilivyozidi kupata nguvu ya kukokota.

Hewa ya Mshtarii, basi, ni hewa ya asili, ile ile iliyoliumba Jua. Yetu haikuja hivyo. Ili kitu kichomoke kwenye mvuto wa Dunia kinahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde. Kwenye Mshtarii kinahitaji karibu kilomita 60 kwa sekunde. Molekuli ya hidrojeni ni nyepesi na ina mbio, kwa hiyo huku kwetu huponyoka ikapotelea angani, kule imefungwa. Hewa iliyodumu Duniani ilitoka chini, kwa njia ya volkano: mvuke wa maji, hewa ukaa, nitrojeni. Oksijeni ilikuja baadaye sana, nayo ni kazi ya viumbe hai.

Ndiyo sababu ya lile jiwe la mwanzo. Matundu yake ni njia ambayo hewa ya sayari ya mawe ilipitia kutoka tumboni. Mwanafunzi akisimama mbele ya darasa na jiwe la ukuta wa kwao mkononi, akaonyesha matundu na kusema, "Hewa ya sayari za mawe ilitokea humu, ya sayari za gesi ilivutwa kutoka nje," ameshaeleza tofauti ambayo vitabu vingi vinaipita. Mimi ningempa alama zake hapo hapo.

Mazuku na metani

Sisi wa Goma tuna neno ambalo wataalamu wa volkano wa nchi nyingi wamelichukua kutoka kwetu: mazuku. Ni hewa ukaa inayopanda kupitia nyufa na kulala mahali pa chini, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, mara moja na nusu. Haina rangi, haina harufu. Upande wa kwenda Sake watu wanajua mashimo ya kutomwacha mbuzi wala mtoto kuingia, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka.

Anayejua mazuku ameshaanza kuielewa Zuhura. Hewa ya Zuhura ni hewa ukaa kwa asilimia 96, tena hailali bondeni peke yake, imefunika sayari yote hadi juu ya milima. Inakandamiza ardhi kwa kani ya mara 92 ya hewa yetu, na joto chini yake ni nyuzi 465 usiku na mchana, risasi ingeyeyuka. Kwa ukubwa Zuhura na Dunia ni kama pacha. Kwa hali ya hewa hakuna sayari mbili za mawe zilizoachana hivyo. Mirihi nayo ina hewa ukaa asilimia 95, ila nyembamba mno, haifiki asilimia moja ya kani ya hewa yetu. Gesi ni ile ile, lakini moja imevaa blanketi kumi na nyingine haina hata kanga.

Upande wa pili, ziwa. Ziwa Kivu limeficha chini yake hewa ukaa kilomita za ujazo 300 hivi, na metani kilomita za ujazo 60. Wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, wanapita juu yake kila usiku na taa zao, na ng'ambo, Rwanda, metani hiyo inavutwa na kuzalisha umeme. Metani hiyo hiyo imo kwenye hewa ya juu ya Uranus na Neptune, asilimia chache tu, na ndiyo inayozipa rangi yao: inameza mwanga mwekundu wa Jua na kurudisha wa buluu na kijani. Rangi ya ziwa letu haitokani na metani, msije mkachanganya. Lakini ukitaka kumwambia mtu wa Goma Neptune ina rangi gani na kwa nini, una mfano wa gesi yenyewe mlangoni kwako.

Ningeongeza kwamba jina "sayari za gesi" linawafaa zaidi Mshtarii na Zohali. Uranus na Neptune ndani yake zimejaa maji, amonia na metani vilivyobanwa na kuchemka, na wataalamu huziita majitu ya barafu. Katika kazi ya darasani hii ni sentensi mbili, lakini zisikosekane.

Unaweza kusimama wapi

Swali la watoto wadogo ndilo bora kuliko yote: nikifika huko, nitakanyaga wapi?

Kwenye sayari za mawe jibu lipo, na limeshajaribiwa. Chombo cha Kisovieti Venera 7 kilitua Zuhura tarehe 15 Desemba 1970. Venera 13, mwezi wa Machi 1982, kilikaa dakika 127 kikipiga picha za mawe bapa kabla joto halijakimaliza. Viking 1 cha Marekani kilitua Mirihi tarehe 20 Julai 1976, na gari la Perseverance liko huko tangu Februari 2021.

Kwenye Mshtarii hakuna pa kutua. Tarehe 7 Desemba 1995, chombo kidogo kilichoachwa na chombo kikubwa kiitwacho Galileo kiliingia mawinguni mwake, kikafungua mwavuli, kikashuka. Kilituma habari kwa muda wa dakika 58 hivi. Kilikuta upepo mkali, kani ikipanda hadi zaidi ya mara 20 ya hewa yetu, joto likipanda, kisha kikanyamaza. Hakikugonga ardhi, kwa kuwa ardhi haipo. Gesi inazidi kubanwa kadiri unavyoshuka hadi inakuwa kioevu, bila mpaka ambao ungesema hapa ndipo hewa ilipoishia. Chini zaidi hidrojeni inabanwa hadi inapitisha umeme kama chuma. Chombo Juno, kilichofika mwaka 2016, kimeonyesha kwamba hata kiini chake hakina ukingo wazi, kimechanganyika na kilichokizunguka kama unga kwenye maji.

Hapa ndipo ninapowaambia wanafunzi wetu kwamba wana bahati na sayari za mawe. Tazama Nyamulagira, volkano jirani ya Nyiragongo, siku ya anga safi. Haijachongoka kama milima mingine ya Virunga. Imelala pana kama ngao iliyowekwa chini, kwa sababu lava yake ni nyepesi kutiririka na inakwenda mbali kabla ya kuganda. Olympus Mons ya Mirihi ni mlima wa umbo hilo hilo. Tofauti ni kimo: Nyamulagira ina mita 3,058 kutoka usawa wa bahari, Olympus Mons ina kilomita 22 hivi. Upana wake ni kilomita kama 600, sawa na kwenda kutoka Goma hadi Bukavu mara sita ukinyoosha kamba juu ya ziwa. Ulikua hivyo kwa sababu ganda la Mirihi halitembei. Duniani ganda husogea, likahama juu ya chanzo cha moto. Kule moto ulibaki chini ya mlima ule ule, ukauongeza na kuuongeza. Mtoto aliyekimbia lava ya Nyiragongo ya Mei 2021, au ambaye wazazi wake walikimbia ile ya Januari 2002, hahitaji kuambiwa lava ni nini. Anahitaji kuambiwa tu kwamba ujuzi wake unafika hadi Mirihi.

Tembea kidogo

Tuifanye Dunia kuwa haragwe la sentimita moja. Jua litakuwa duara la mita moja na kidogo. Toka kwenye Jua: Utaridi, punje ya mtama, mita 45. Zuhura, haragwe jingine, mita 85. Dunia mita 117. Mirihi, nusu haragwe, mita 179. Zote nne umezimaliza kwa dakika tatu za kutembea. Halafu njia inakuwa tupu hadi mita 610, ambapo Mshtarii inakungoja, sentimita 11, kubwa kuliko chungwa. Zohali iko mita 1,125 na ni ndogo kidogo kuliko Mshtarii. Uranus, ukubwa wa marakuja ndogo, kilomita 2 na robo. Neptune, mwenzake, kilomita 3 na nusu. Fanyeni hivyo na darasa zima siku moja, mwendo wa mguu usiofika saa moja, na hakuna atakayesahau kwamba za mawe zimebanana na za gesi zimeachiana nafasi.

Nafasi hiyo hubadilisha kalenda. Mwaka wa Utaridi ni siku 88, wa Neptune ni miaka yetu 165. Mchana na usiku vinakwenda kinyume: majitu yanazunguka haraka, Mshtarii kwa saa 9 na dakika 55, ilhali Zuhura inahitaji siku 243 kujizungusha mara moja, tena kinyumenyume. Mbio hizo zimeivimbisha Mshtarii kiunoni, na kwa darubini yangu mwenye jicho tulivu anaona kwamba si duara kamili.

Jicho litaona nini

Sasa nizungumze na jirani. Goma iko karibu digrii 2 kusini mwa Ikweta, na hiyo ni zawadi ambayo wengi hawaijui. Njia ya sayari inapita juu ya vichwa vyetu. Watu wa Ulaya huzikuta sayari zimeinama chini kwenye ukungu wa upeo wa macho, sisi tunazikuta juu, mahali hewa ilipo nyembamba. Tuko pia mita kama 1,460 juu ya bahari. Adui wetu ni mawingu. Na umeme ukikatika mtaani, toka nje utazame juu, hapo anga linaonekana.

Zamani nilianza kwa kosa. Mirihi ilikuwa inang'aa, nyekundu, nzuri, nikaita majirani uani. Waliinama mmoja mmoja kwenye darubini. Mama mmoja mzee alitazama kwa muda, akainuka, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii si ni kinukta tu?" Alisema kweli. Mirihi ni ndogo, nusu ya Dunia kwa upana, na kwa lenzi ya milimita 70 inakuwa kiduara cha rangi ya chungwa. Utaridi ni ngumu zaidi, haiachani na Jua, na ukiitafuta hakikisha Jua limeshazama kabisa, kwani kupitisha Jua kwenye darubini ni kupofuka. Zuhura ndiyo inayookoa heshima ya sayari za mawe: angavu kuliko nyota zote, na kwa darubini inaonyesha sura kama za mwezi, leo nusu, wiki kadhaa baadaye kipande chembamba. Lakini ardhi yake huioni, mawingu yameifunika siku zote.

Usiku wa pili niliwaonyesha Mshtarii. Hapo hata darubini ya macho mawili, ile tunayoiita jumelle, inatosha ukiegemeza viwiko ukutani. Kwa darubini yangu kuna duara jeupe-njano, mistari miwili ya kahawia ikiikata katikati, na pembeni vinukta vinne vimejipanga kama shanga. Ni Io, Europa, Ganymede na Callisto. Galileo Galilei, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliiona miezi hiyo Januari 1610, kuanzia tarehe 7, kwa kifaa dhaifu kuliko hiki changu. Niliwapa watoto daftari na kalamu, wakachora duara na nukta. Tukaingia ndani, tukala, tukatoka tena baada ya saa mbili. Nukta iliyokuwa karibu na duara ilikuwa imesogea. Mtoto wa jirani alishika daftari lake, akatazama, akashika tena, kisha akaita mama yake kwa sauti: "Inatembea!" Ilikuwa Io, inayoizunguka Mshtarii kwa muda unaopungua siku mbili. Hakuna sayari ya mawe itakayokupa hilo kwa usiku mmoja. Miezi ya sayari zote nne za mawe ni mitatu tu, mmoja wa Dunia na miwili midogo ya Mirihi ambayo kifaa changu hakiwezi kuifikia. Zohali peke yake ina miezi inayojulikana zaidi ya 270.

Na pete. Majitu yote manne yana pete, sayari za mawe hazina hata moja, lakini kwa macho yetu ni za Zohali tu zinazohesabika. Ukikuza mara 30 hivi zinaonekana. Mwezi wa Machi 2025 zilikuwa zimegeuza ukingo wake kwetu, nyembamba kama wembe. Tangu hapo zinafunguka mwaka hadi mwaka, na karibu 2032 zitakuwa wazi kabisa. Uranus na Neptune ziacheni kwa sasa. Zinaonekana kama nyota hafifu, na si ajabu: Uranus haikutambuliwa hadi 1781, Neptune hadi 1846, tena baada ya mahesabu kuonyesha pa kuitafuta.

Basi uchague zipi

Mwenye kazi ya darasani: chukua sayari za mawe. Una jiwe, una Nyamulagira, una mazuku, na kila unachosema darasa linaweza kukishika au kukikumbuka. Sayari za gesi zinadai uamini mambo usiyoweza kuyagusa, hidrojeni inayopitisha umeme, sayari isiyo na sakafu. Ni mazuri, lakini ni magumu kuyaeleza kwa dakika 15. Mwenye kupenda hesabu na fizikia, asiogope, zinamfaa yeye.

Mwenye kutaka kutazama: gesi, na uanze na Mshtarii.

Na asiyetaka kuchagua, nina pendekezo ninalolipenda kuliko yote mawili. Mchukue Io. Ni mwezi wa jitu la gesi, lakini wenyewe ni wa mawe, mkubwa kidogo kuliko mwezi wetu. Mshtarii inauvuta upande huu, Europa na Ganymede zinauvuta upande ule, ukakandwa kama ugali hadi ndani yake kukayeyuka. Machi 1979 chombo Voyager 1 kilipiga picha za volkano zikilipuka juu yake, na leo tunajua hakuna mahali penye volkano nyingi zaidi katika mfumo wote wa Jua. Kreta ya Nyiragongo, ambamo tumeona ziwa la lava likichemka, ina upana wa kilomita moja na kidogo. Huko Io kuna moja inayoitwa Loki, upana wake kilomita 200 hivi. Mwanafunzi wa Goma akiamua kueleza Io, ana mawe na gesi kwenye mada moja, na ana cha kuonyesha usiku, ile nukta inayotembea.

Kwa atakayetaka kulinganisha mwenyewe bila kusikiliza maneno yangu, wakati mzuri ni Februari 2027. Mwezi huo Mirihi na Mshtarii zote mbili zitakuwa upande wa anga ulio mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati, zikichomoza jioni karibu mahali pamoja na kupita juu ya vichwa vyetu usiku wa manane. Mirihi itakuwa umbali wa kilomita milioni 101 hivi, Mshtarii zaidi ya milioni 600. Weka darubini kwenye ya kwanza, kisha uisogeze kidogo hadi kwenye ya pili. Ile iliyo mbali mara sita ndiyo itakayoonekana pana mara tatu. Chora zote mbili kwenye ukurasa mmoja wa daftari, uandike saa, kisha urudi kutazama baada ya chakula.